Mwili wa kutolewa, si wa kuokotwa

Mwili wa binadamu hufika mikononi mwa wanasayansi kwa njia mbili. Ama mwenyewe, akiwa hai na mwenye akili timamu, ameandika kwamba akifa mwili wake utolewe. Ama amekufa bila mtu wa kumdai, siku za kukaa mochwari zikaisha, na wakubwa wakaamua kwamba badala ya kuzikwa atumike. Kila unapozuka mjadala kuhusu vituo vya vyuo vikuu vinavyochunguza jinsi maiti inavyooza, watu hukimbilia kinachotisha macho: mwili umelazwa nje, nzi juu yake, jua linauchoma. Nadhani hofu hiyo imeelekezwa pasipo pake. Kuoza ni njia ya kila mwili, hata uliokoshwa, ukavikwa sanda na kusaliwa. Swali linalostahili kutukosesha usingizi ni nani aliyeruhusu. Anayetoa mwili wake kwa utafiti huu anafanya jambo la heshima na lenye faida kubwa kwa haki, na sheria yapasa imlinde. Aliyechukuliwa bila kuulizwa ameonewa, hata kama elimu iliyopatikana kwake haina dosari.

Elimu yenyewe ilizaliwa na kosa. Mwishoni mwa 1977, polisi wa mji wa Franklin, karibu na Nashville nchini Marekani, walimwita William Bass, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Tennessee, akatazame mwili uliokutwa kwenye kaburi la zamani lililofukuliwa. Kaburi lilikuwa la Kanali William Shy, ofisa wa jeshi la majimbo ya Kusini aliyeuawa katika mapigano ya Nashville, Desemba 1864. Lakini mwili ule ulikuwa bado na nyama na nguo, na wote waliokuwapo walidhani kwamba muuaji wa siku hizi alitaka kumficha mtu wake ndani ya kaburi la mwingine. Bass alikadiria kwamba marehemu hajamaliza mwaka tangu afariki. Uchunguzi ulipoendelea, ikabainika kuwa ni Kanali Shy mwenyewe: dawa za kuhifadhi maiti na jeneza la chuma lililozibwa barabara vilikuwa vimemlinda mpaka wezi wa makaburi walipolitoboa. Bass alikosea kwa miaka 113. Jinsia ya marehemu aliipata, umri nao aliukaribia. Kilichompotea ni muda wa kifo. Kilimpotea kwa sababu hapakuwa na mahali ambapo mtaalamu alikuwa amekaa akafuatilia miili ya watu, mmoja baada ya mwingine, na kuandika siku kwa siku kinachotokea.

Miaka minne baadaye mahali hapo palipatikana. Mei 1981, kwenye kipande cha ardhi nyuma ya hospitali ya chuo mjini Knoxville, Bass alilaza mwili wa kwanza wa utafiti. Tangu hapo miili imewekwa juani na kivulini, kwenye makaburi ya kina kifupi, ndani ya buti za magari, majini, na ndani ya mifuko ya plastiki, kwa maana huko ndiko wauaji wanakowaficha watu. Watafiti hupima joto na unyevu, hupiga picha, hukusanya wadudu na udongo. Nyama ikiisha, mifupa hukusanywa, husafishwa, hupewa namba na kuhifadhiwa. Hazina hiyo ya mifupa sasa ina watu zaidi ya 1,800, na thamani yake kubwa ni kwamba habari zao zinajulikana: umri, kimo, uzito, maradhi waliyougua. Mfupa usio na historia hautufundishi mengi. Mfupa wa mtu aliyejieleza mwenyewe kabla ya kufa unafundisha namna ya kuisoma mifupa ya wasio na wa kuwaeleza. Riwaya ya Patricia Cornwell ya mwaka 1994 ndiyo iliyolieneza duniani jina la utani la kituo hicho, shamba la miili, na nadhani jina hilo limekidhuru. Linamfanya msikilizaji afikirie mzaha, ilhali kinachofanyika pale ni kazi ya vipimo na daftari.

Ni vyema kujua kazi hiyo imezaa nini, kwa kuwa hoja ya kutoa mwili haina miguu kama faida yenyewe ni ya kubahatisha. Saa za mwanzo baada ya kifo, daktari husoma alama tatu: mwili kupoa, mwili kukakamaa, na damu kutuama upande wa chini. Zikipita siku mbili tatu, alama hizo hazisemi tena lolote la maana. Hapo ndipo wadudu wanaposhika zamu. Nzi wa mizoga huweza kutaga mayai saa chache tu baada ya kifo. Mayai huwa funza, funza hujifungia ndani ya ganda, na mwisho ganda hubaki tupu nzi anaporuka. Kila hatua ina muda wake, na muda huo unaamuliwa na joto. Ndiyo maana wataalamu hawahesabu siku peke yake. Wanajumlisha joto la kila siku. Mwili uliolala siku 10 penye nyuzijoto 30 na uliolala siku 20 penye nyuzijoto 15 huweza kufanana sana, japo mmoja una umri wa kifo mara mbili ya mwingine. Hata udongo hutoa ushahidi: Arpad Vass, aliyefanya utafiti wake Knoxville, alionyesha kwamba asidi za mafuta zinazovuja kutoka mwilini huacha alama inayoweza kupimwa hata pale mwili wenyewe ulipohamishwa.

Mahakamani tofauti ya wiki mbili huamua maisha ya mtu. Desemba 1993, familia ya watu watatu ilikutwa imeuawa katika nyumba ya mashambani jimboni Mississippi. Jamaa yao kwa njia ya ndoa, aliyekuwa ametafuta malipo ya bima, alidai kwamba alikuwa amefika pale kabla ya hapo na kukuta nyumba tupu. Bass alitoa ushahidi kwamba maganda matupu ya nzi yaliyokuwamo yanaonyesha marehemu walikufa katikati ya Novemba, na maelezo ya mshukiwa hayakuweza kupatana na hesabu hiyo. Baraza la kwanza la wazee wa mahakama lilishindwa kukubaliana. La pili likamtia hatiani. Tukumbuke upande wa pili pia. Hesabu inayomfunga mwenye hatia ndiyo inayomtoa gerezani aliyesingiziwa, yule anayeweza kuthibitisha kwamba siku ile alikuwa mji mwingine, mradi tu siku yenyewe ijulikane. Bila miili iliyotolewa, siku hiyo ingebaki ya kukisia.

Kikwazo ni kwamba hesabu za Tennessee haziwezi kubebwa hivi hivi na kupelekwa kila mahali. Chuo Kikuu cha Texas State kilipofungua kituo chake mwaka 2008 kwenye ranchi karibu na San Marcos, kilikutana na mgeni asiyekuwamo kwenye vitabu vya Knoxville: tumbusi. Kundi la ndege hao liliweza kuuacha mwili mifupa mitupu kwa saa chache. Mpelelezi aliyefundishwa kwa mifano ya Tennessee angeitazama mifupa hiyo na kusema mtu huyu ana miezi mingi tangu afe. Nchini Australia, kituo cha kwanza kilifunguliwa mwaka 2016 nje ya Sydney chini ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha mji huo, na huko watafiti wakaona miili mingi ikikauka na kuwa kama ngozi badala ya kumalizika. Kamera iliyopiga picha mfululizo kwa miezi 17 ilionyesha pia kwamba mikono ya maiti husogea yenyewe kadiri misuli na kano zinavyokauka. Kabla ya hapo, mkono uliokutwa mbali na ubavu ungeweza kutafsiriwa kuwa dalili ya purukushani au ya mtu aliyeuchezea mwili. Hali ya hewa, ndege, wanyama na udongo wa kila nchi vina lugha yao, na anayetaka kuielewa lazima ajifunzie palepale inaposemwa.

Wapo wanaosema mnyama anatosha. Uingereza, ambayo tangu Sheria ya Tishu za Binadamu ya 2004 imekuwa na masharti makali kuhusu matumizi ya maiti, imetegemea mizoga ya nguruwe kwa miaka mingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town nao wamefanya vivyo hivyo kwenye mazingira ya kusini mwa Afrika. Nguruwe hana manyoya mengi, kifua chake kinakaribiana kwa ukubwa na cha mtu, na hakuna ukoo utakaogombea maziko yake. Utafiti huo una manufaa yake, hasa katika kujua wadudu gani hufika na wanyama gani hula. Lakini mwaka 2018 watafiti wa Tennessee walichapisha matokeo ya kuwalinganisha watu, nguruwe na sungura waliowekwa mahali pamoja, na wakahitimisha kwamba nguruwe hafuati mwendo wa binadamu. Miili ya watu ilitofautiana sana yenyewe kwa yenyewe, na jambo hilo linaeleweka: mmoja alikuwa mzee aliyekonda kwa saratani, mwingine mnene mwenye kisukari, wa tatu amekufa ghafla akiwa na dawa kali mwilini. Nguruwe wa shamba moja, wa umri mmoja na chakula kimoja, hawezi kutuonyesha tofauti hizo. Akipandishwa kizimbani mtu ambaye anakabiliwa na kifungo cha maisha, anastahili ushahidi uliopimwa kwa watu.

Elimu hii pia huwarudishia wafu majina yao. Tangu 2013, Kate Spradley na wenzake wa Texas State wamekuwa wakifukua makaburi yasiyo na alama kusini mwa jimbo hilo, hasa katika kaunti ya Brooks, walikozikwa wahamiaji waliokufa kwa kiu na joto baada ya kuvuka mpaka kutoka Mexico. Mifupa hupimwa, vinasaba huchukuliwa, vitu vilivyokutwa mifukoni huorodheshwa, na baadhi ya familia za Amerika ya Kati zimepata hatimaye kujua mtoto wao yuko wapi. Ujuzi wa kusoma mifupa hiyo ulijengwa kwa miili ya Wamarekani waliotia saini kwamba wakifa watumike. Watoaji hao hawakuwajua watakaofaidika, na waliofaidika hawatawajua kamwe.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kutafuta mbali sababu ya kulitafakari jambo hili. Kuanzia Aprili 2023, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, mingi ikiwa imeharibika kiasi cha kutotambulika kwa sura. Familia zilingoja karibu mwaka mzima. Miili ya kwanza ilikabidhiwa Machi 2024 baada ya vipimo vya vinasaba. Mwaka 2022, mochwari ya Yala ilikuwa na maiti zaidi ya 20 zilizotolewa mtoni, nyingi hazina majina. Vinasaba hujibu swali la huyu ni nani, pale tu penye jamaa wa kulinganisha naye. Havijibu swali la alikufa lini, na katika kesi ya vifo vingi swali hilo ndilo linaloonyesha nani alikuwapo, nani alijua, na nani alipuuza onyo. Kwa joto na unyevu wa Kilifi, kwa ukame wa Tsavo wenye fisi na tumbusi, kwa baridi ya Njombe na mchwa wa Tabora, tunategemea majedwali yaliyoandikwa chini ya miti ya Knoxville. Eneo letu halina kituo hata kimoja cha aina hii. Sidai kwamba tukijenge kesho. Ninasema tunahitaji kujua masharti ambayo chini yake kingekuwa halali, na sharti la kwanza ni ridhaa ya mwenye mwili.

Pingamizi la kwanza, na lenye uzito, ni la heshima. Mtu atasema: hata kama alikubali, si haki kumlaza binadamu nje kama mzoga. Swali langu kwake ni heshima ya maiti inakaa wapi. Tukisema inakaa katika kutoguswa, tutakuwa tumeuharamisha uchunguzi wa maiti ambao mahakama zetu huuagiza kila wiki, na upasuaji ambao kila daktari aliyetutibu alijifunzia. Tukisema inakaa katika kutooza, hakuna aliyezikwa kwa heshima tangu dunia iumbwe. Kwa maoni yangu inakaa katika mambo yanayoweza kutajwa na kusimamiwa: mtu asitumiwe kwa jambo ambalo hakulikubali, asiuzwe, asifanywe kichekesho wala picha ya kusambazwa kwenye simu, jina lake lisitangazwe, na mabaki yake yatunzwe mpaka mwisho. Kwa kipimo hiki, mwili ulio nyuma ya uzio wa Knoxville, unaotajwa kwa namba ili kulinda siri ya mwenyewe, una heshima kuliko maiti isiyo na jina inayorundikwa juu ya nyingine katika mochwari iliyojaa. Jirani naye ana haki yake: wakazi wa Knoxville walipoandamana katikati ya miaka ya 1980 kwa kuwa mahali pale palionekana kirahisi, chuo kiliweka uzio, na hilo lilikuwa jibu sahihi. Kituo hicho pia hakipokei miili yenye maambukizi kama vile virusi vya ukimwi na homa ya ini, kwa usalama wa wanaofanya kazi hapo.

Pingamizi la dini linahitaji jibu la uangalifu zaidi. Kwa Waislamu, kumkosha maiti, kumkafini, kumsalia na kumzika ni faradhi ya kifaya, na maziko hayacheleweshwi. Mafundisho ya Mtume yanalinganisha kuvunja mfupa wa maiti na kuvunja wa aliye hai. Wanazuoni wengi wameruhusu uchunguzi wa maiti pale penye dharura ya haki, lakini kumwacha maiti bila kuzikwa kwa miezi ni jambo jingine, na sitarajii mashehe wa Mombasa au Unguja walibariki. Kwa Wakatoliki, Katekisimu ya Kanisa inaruhusu maiti kuchunguzwa kwa ajili ya utafiti wa kisayansi, ingawa waumini wengi bado wanathamini kaburi lenye msalaba na jina. Haya yote yanaiimarisha hoja ya ridhaa. Muumini anayeona imani yake inamkataza, hatatia saini, na kwake mjadala umekwisha. Anayehatarishwa ni Mwislamu maskini aliyekufa hospitalini mbali na kwao, asiye na kitambulisho, ambaye mfumo wa miili isiyodaiwa unaweza kumpeleka maabara bila yeyote kujua kwamba alikuwa Mwislamu. Anayeitetea dini hapaswi kupigana na mtoaji wa hiari. Apigane na utaratibu unaochukua bila kuuliza. Tena njia si moja: huko Amsterdam, kituo cha utafiti huu huifukia miili ardhini na kuweka vipimo kaburini, kwa hiyo hata hoja ya kutozikwa haigusi kila aina ya utafiti.

Kisha kuna ukoo. Hakuna aliyesahau kesi ya S. M. Otieno, wakili maarufu wa Nairobi aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake alitaka kumzika karibu na Nairobi, akisema ndivyo marehemu alivyotaka. Ukoo wake wa Umira Kager ukataka azikwe kwao kwa mila za Waluo. Maiti ilikaa zaidi ya miezi 5 mahakama zikibishana, na Mei 1987 ukoo ulishinda. Somo la kesi ile kwa anayetaka kutoa mwili wake ni kwamba neno la marehemu peke yake ni jepesi mbele ya jamaa waliojipanga. Sidharau madai ya jamaa. Katika jamii zetu maziko huwafariji walio hai, huthibitisha undugu, na kaburi ni ushahidi wa mtu kuwa alikuwa wa mahali fulani. Ila tofauti hii hutatuliwa mtu angali hai. Sheria inaweza kudai kwamba fomu ya kutoa mwili isainiwe mbele ya mashahidi, mmoja wao akiwa jamaa wa karibu, ili siku ya msiba isiwe ndiyo siku ya habari. Inaweza pia kulazimisha jambo ambalo Tennessee hailifanyi: pale mifupa hubaki chuoni daima, na jamaa wakitaka huenda kuitazama. Kwetu, chuo kingepewa muda maalumu, na ukiisha, mifupa irudi nyumbani izikwe. Sayansi ingepoteza kiasi, lakini ingepata watoaji ambao vinginevyo wasingekubali kamwe.

Sasa niseme kwa nini ninasisitiza ridhaa kuliko faida. Historia ya miili na sayansi ni historia ya kuwachukua wasio na sauti, na kituo cha Knoxville chenyewe hakikusalimika. Katika miaka yake ya mwanzo kilipokea pia miili isiyodaiwa kutoka kwa wachunguzi wa vifo wa kaunti, na mwaka 1994 kituo cha runinga cha Nashville kiliripoti kwamba miongoni mwao walikuwamo waliowahi kuwa wanajeshi. Kukazuka hasira, na muswada wa kuzuia utaratibu huo ukafika katika bunge la jimbo, ingawa haukupita. Jambo hilo halikuishia huko. Mwaka 2024, shirika la habari la NBC lilifichua kwamba kituo cha sayansi ya afya cha Chuo Kikuu cha North Texas kilikuwa kimepokea zaidi ya miili 2,000 isiyodaiwa kutoka kaunti mbili katika muda wa miaka michache, na baadhi ya familia zilikuja kugundua baadaye kwamba ndugu waliyemtafuta alikatwakatwa na kutumika. Mpango ukasimamishwa. Barani Afrika, vyuo vingi vya udaktari bado vinajifunzia kwa miili isiyodaiwa, na mara nyingi asiyedaiwa ni maskini, mhamiaji, mgonjwa wa akili au mtu ambaye nduguze hawakuwa na pesa za kulipa mochwari. Kutodaiwa si kukubali.

Wapo watakaojibu kwamba wafu hawaumii, na kwamba kuacha miili hiyo ioze bure makaburini ni israfu ya elimu. Hoja hii inasahau kwamba anayeumizwa ni aliye hai. Maskini anapojua kwamba akifa bila pesa mwili wake utakuwa wa serikali, ataiogopa hospitali ambayo ingemponya. Na imani ikishavunjika, hata wale waliokuwa tayari kutoa hujiondoa. Mfano uko Marekani penyewe: mwaka 2014 wapelelezi walivamia kampuni moja ya Phoenix, Arizona, iliyokusanya miili kwa ahadi ya utafiti wa tiba kisha ikaiuza vipande vipande, mmiliki alikiri kosa mwaka uliofuata, na shirika la Reuters likaonyesha kwamba baadhi ya miili ilitumika katika majaribio ya milipuko ya kijeshi ambayo watoaji na familia zao hawakuyaridhia. Ufaransa, kituo cha kupokea miili cha Chuo Kikuu cha Paris-Descartes kilifungwa Novemba 2019 baada ya magazeti kufichua jinsi maiti zilivyokuwa zikitunzwa kwa uchafu na kupuuzwa. Kumbe hata ridhaa iliyoandikwa haitoshi ikiwa aliyepewa amana hana msimamizi. Mtu aliyekabidhiwa ng'ombe wa jirani hulazimika kuonyesha hata ngozi akifa. Chuo kilichokabidhiwa mtu kisidaiwe kidogo kuliko hapo.

Kwa bahati njema hatuanzi patupu. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inatambua kwamba mtu mwenye uwezo wa kuandika wosia anaweza kutoa mwili wake utumike baada ya kifo. Linalokosekana ni mfumo wa kuifanya sheria hiyo iishi, na ningependa kuona nchi zetu zikiujenga kwa hatua hizi kwa mpangilio. Kwanza, daftari la taifa la watoaji, ambapo mtu anasema wazi ametoa kwa kazi gani: kufundishia madaktari, kupandikiza viungo, au kuchunguza uozo. Anayekubali moja hajakubali zote, na fomu ieleze bila kuficha maneno kwamba mwili utalazwa nje. Pili, haki ya kubadili nia wakati wowote, bila kuulizwa sababu. Tatu, marufuku ya kuuza au kununua mwili na sehemu yake, na ukaguzi wa kila mwaka unaochapishwa. Nne, marufuku ya kutumia mwili usiodaiwa kwa utafiti wa aina hii, na muda maalumu wa kuachana na mwili wa namna hiyo katika vyuo vya udaktari. Tano, baada ya hayo, kituo kidogo chini ya chuo kikuu cha umma, kikishirikiana na polisi na ofisi ya mwanapatholojia mkuu wa serikali, kianze kwa maziko yenye vipimo kabla ya kufikiria kulaza miili juu ya ardhi.

Nitaambiwa kwamba kwa masharti hayo hatutapata mtu hata mmoja. Huenda miaka ya mwanzo watajitokeza wachache: mwalimu mstaafu, muuguzi, polisi aliyechoka kuona majalada yakifungwa kwa kukosa ushahidi, mzazi wa mtoto aliyepotea. Wachache wanatosha kuanzia. Knoxville ilianza na mmoja, na leo ina maelfu waliojiandikisha wakiwa hai. Kituo chenye miili kumi iliyotolewa kwa moyo kitajenga elimu inayoweza kusimama mahakamani na mbele ya umma, kwa sababu kila swali la nani aliruhusu litakuwa na jibu lililoandikwa. Chenye miili mia ya kuokotwa kitaanguka siku mwandishi wa habari atakapompata dada wa mmojawao. Bunge lianze na daftari na sheria. Kituo kije baadaye, kikiongozwa na watu waliokubali kuhojiwa.